Maswali ya Wasomaji: Mteja ni Wako au ni wa Mtandao?

Barua za mwezi huu zimefanana kiasi kwamba nimeona niziweke pamoja. Walioziandika ni watu wa shughuli mbalimbali, kuanzia muuza vitenge hadi mzee mstaafu, lakini karibu kila mmoja anazunguka jambo lile lile: kampuni za teknolojia zinapoingia katikati ya muuzaji na mnunuzi, mteja anabaki kuwa wa nani? Nimezifupisha barua na kuacha majina, kama wenyewe walivyoomba.

Nauza vitenge na mashuka Kariakoo tangu mwaka 2011. Siku hizi zaidi ya nusu ya wateja nawapata mtandaoni: natundika picha, mtu ananiandikia, analipa kwa simu, namtumia mzigo kwa basi. Februari akaunti yangu ilifungwa siku 16 bila maelezo yoyote, nikawa kama mtu aliyehamishiwa duka usiku akiwa amelala. Mpwa wangu ananihimiza nifungue tovuti yangu mwenyewe. Mume wangu anasema tovuti zimepitwa na wakati, hakuna azifunguaye. Nimsikilize nani?
*Muuza vitenge, Kariakoo, Dar es Salaam*

Pole sana, dada yangu. Shemeji yuko sahihi kwa upande mmoja: mwanamke wa Dodoma anayetafuta kitenge cha harusi hataanza kuandika anwani ya tovuti asiyoijua, bali atapekua picha mahali alipozoea kupekua, na akikipenda atataka kuzungumza na mtu, kuuliza kama rangi haichuji, na kupunguziwa bei. Mazungumzo hayo yamehamia kwenye simu, na tangu lilipotoka toleo la WhatsApp la wafanyabiashara mwaka 2018 hata duka la mtu mmoja linaweza kujitambulisha na kujibu wateja kwa utaratibu. Kwa hiyo usiondoke huko walipo wanunuzi.

Alichokiona mpwa wako ni kwamba mahali hapo si pako. Ulipoingia kwenye fremu yako Kariakoo ulitoa kilemba, ukaandikishiana mkataba, na mwenye nyumba hata awe mkali namna gani atakupa notisi kabla ya kukutoa. Ukurasa wako mtandaoni umepewa bure, kwa masharti marefu ambayo wewe na mimi tuliyakubali bila kuyasoma, na moja ya masharti hayo ni kwamba mwenye mtandao anaweza kuufunga atakapoona inafaa. Mara nyingi anayeufunga hata si mtu, ni programu iliyotilia shaka picha au malalamiko fulani, na ndiyo maana hukupata wa kumwuliza.

Hali haikuanza hivyo. Wavuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN, Geneva, mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia ulimwengu bila malipo, ili yeyote aweke ukurasa wake na kuuunganisha na wa mwenzake pasipo kuomba ruhusa kwa mtu. Njia hiyo ya wazi bado ipo mpaka leo. Kilichotokea ni kwamba kampuni zilizoanza kama miradi ya vijana wachache zilijenga masoko yenye paa pembezoni mwa njia, yenye taa na viti vya kukalia, watu wakaingia humo wote na njia yenyewe ikabaki na wapita njia wachache. Kuingia sokoni si kosa. Tatizo ni kumwachia mwenye soko akushikie na daftari la wateja.

Kumbuka kisa cha Jumia, kampuni iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012 na kuenea katika nchi nyingi za Afrika. Aprili 2019 hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York, na ilipofika Novemba mwaka huo huo ikasimamisha shughuli zake Tanzania. Kampuni ilifanya hesabu zake, ikaona hazilipi, ikaondoka, na hilo ni haki yake. Lakini muuzaji wa hapa ambaye wanunuzi wake wote walikuwa majina ndani ya mfumo ule, asiye na namba ya simu ya hata mmoja wao, alipaswa kuanza upya.

Kwa hiyo kabla hujamlipa fundi wa tovuti hata shilingi, nunua kaunta buku. Kila anayenunua, andika jina, namba, alichonunua na tarehe, na umwombe ridhaa ya kumtumia habari mzigo mpya ukifika. Ridhaa hiyo si adabu tu, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa lengo alilowaeleza. Waombe pia wahifadhi namba yako katika simu zao, kwani ujumbe unaotumwa kwa orodha kubwa kupitia WhatsApp humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji, na orodha moja haizidi watu 256. Daftari lenyewe lisibaki kwenye simu pekee. Mimi niliwahi kuibiwa simu nikishuka daladala Mbagala, na kilichoniuma zaidi kilikuwa namba zilizopotea, maana simu nilinunua nyingine mwezi uliofuata.

Baada ya hapo tovuti itakuwa na kazi. Iwe ndogo, yenye jina lako mwenyewe linaloishia kwa .co.tz, na ndani yake picha kumi nzuri, bei, mahali duka lilipo na namba ya kulipia. Kazi yake ni kuwa anwani isiyohama: unaiandika kwenye mfuko, kwenye risiti na kwenye kurasa zako zote, ili siku ukurasa mmoja ukifungwa tena mteja ajue pa kukutafuta. Ila hakikisha jina hilo limesajiliwa kwako, si kwa fundi.

Chuoni tunahubiriwa kila siku tuanzishe startapu. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: baba yangu anauza samaki Mwaloni, akipata hasara wiki mbili mfululizo anasimamisha biashara atafakari. Kampuni hizi zinapata hasara miaka mitano na bado zinasifiwa magazetini. Tofauti ni nini hasa?
*Mwanafunzi wa chuo, Mwanza*

Swali lako ni zuri kuliko mahubiri unayoyapata. Baba yako anajua samaki wananunuliwa, anajua wanunuzi wake, na anachopigania kila siku ni tofauti kati ya bei ya mwaloni na bei ya rejareja. Kampuni changa ya teknolojia, hiyo mnayoiita startapu, haijui bado kama kitu chake kitanunuliwa, na nani, na kwa bei gani; inatumia fedha za watu wengine kutafuta jibu, kwa makubaliano kwamba jibu likipatikana itakua haraka kuliko biashara ya kawaida inavyoweza. Hasara ya baba yako humwambia kuna kitu kimeharibika. Hasara ya kampuni changa, angalau miaka ya mwanzo, ni gharama ya kutafuta.

Anayekubali kulipa gharama hiyo si mwendawazimu. Mwekezaji wa mtaji wa ubia huweka fedha katika kampuni nyingi akijua wazi kwamba zilizo nyingi zitakufa, na anatarajia moja au mbili zikue kiasi cha kurudisha fedha zote na faida juu. Kwa sababu hiyo hapendezwi sana na kampuni itakayokua taratibu na kuwa na faida ndogo ya uhakika, ingawa kwa mwenye kampuni hayo yangekuwa maisha mazuri. Hapo ndipo ushauri wa chuoni unapowapotosha wengi, kwa kuwa vijana wanafundishwa kutaka kile ambacho mwekezaji anakitaka.

Miaka 20 iliyopita jaribio la namna hii lisingewezekana huku kwetu. Intaneti ilitujia kwa setilaiti, ikiwa ghali na ya polepole, hadi mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na mingine ikafuata. Aliyetaka kuendesha programu ya watu elfu moja alilazimika kununua seva zake, yaani kompyuta za kuiendeshea programu hiyo, lakini kuanzia mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha seva kwa saa, na wengine wakaiga. Na hata ungekuwa na programu na seva, mteja angekulipaje? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Watu wawili wenye kompyuta moja wakapata uwezo ambao zamani ulihitaji benki, ghala na ofisi ya ghorofa nne.

M-Pesa yenyewe inafaa ujifunze. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Watu walipopewa simu hizo wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa shabaha ya mradi, na waliokuwa wakiusimamia wakawa na busara ya kuwafuata watumiaji badala ya kuwalazimisha warudi kwenye mikopo. Baba yako angewaelewa mara moja, maana mfanyabiashara hauzi anachokipenda yeye.

Linganisha na kilichotokea miaka ya karibuni. Wakati wa riba ndogo huko Marekani fedha zilitafuta pa kwenda, na nyingine zilikuja Nairobi na Lagos. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kwa kasi, kutoka karibu na sifuri hadi kupita asilimia 5 mwaka uliofuata, na wawekezaji wakafunga mikoba. Nairobi, Kune Foods, iliyopika na kupeleka vyakula vya bei nafuu na iliyokuwa imepata dola milioni 1 mwaka 2021, ilifungwa Juni 2022. Sendy ya usafirishaji wa mizigo ilifungwa mwaka 2023. Twiga Foods, iliyoanza mwaka 2014 kwa kumpelekea mama mboga ndizi kibandani ili asiamke alfajiri kwenda sokoni, ilipunguza wafanyakazi wengi. Copia, iliyouza bidhaa kwa watu wa vijijini kupitia wenye maduka madogo, ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa mufilisi Mei 2024.

Ukizitazama, nyingi zilishika jambo la kweli. Mama mboga anaamka alfajiri kweli, na kijijini bidhaa ni ghali kweli. Kilichowashinda ni malori, mafuta na barabara, kwa sababu programu hupunguza gharama ya kuagiza lakini ndizi haipungui uzito ikiagizwa kwa simu. Kampuni inayouza kitu kisichobebwa, kama vile huduma ya malipo, ikipata mteja wa elfu kumi haiongezi gharama sana; inayobeba mikungu huongeza gari kila inapoongeza mtaa.

Nikushauri? Kaa na baba yako Mwaloni wiki tatu za likizo ukiwa na daftari, uandike kila mahali anapopoteza fedha au muda. Ukimaliza, niandikie tena.

Mimi ni dereva wa teksi za mtandao. Mwaka 2022 Serikali ilipoagiza kamisheni ishuke hadi asilimia 15 tulishangilia, kisha mambo yakageuka. Kwa nini dereva haponi katika mchezo huu?
*Dereva, Sinza, Dar es Salaam*

Kaka, tuwakumbushe wasomaji kwanza. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wengine wakafuata. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa kwa dereva, na Aprili mwaka huo Uber ikasitisha huduma nchini ikisema haiwezi kufanya kazi kwa masharti hayo. Mwanzoni mwa 2023 ilirejea, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Kwa safari ya shilingi 10,000 tofauti ni kubaki na 8,500 au 7,500, na mafuta, matengenezo na hesabu ya mwenye gari vyote vinatoka kwenye upande wako.

Serikali inaweza kupanga asilimia, lakini haiwezi kuilazimisha kampuni ibaki, na kampuni ilipoondoka iliondoka na abiria ndani ya simu. Nyota zako 4.9 ulizozipata kwa miaka mitano ya kusema "karibu sana" ziko kwenye mfumo wao, na huwezi kuzipeleka kwa mshindani. Ndiyo maana nguvu yenu ni ndogo kuliko ya kijiwe cha bodaboda chenye daftari la zamu na mwenyekiti aliyechaguliwa.

Nisingekushauri umshawishi abiria afute safari ili mpatane pembeni, kwa kuwa ukigundulika utafungiwa na likitokea la kutokea njiani hakuna kumbukumbu ya safari hiyo. Lakini abiria anayekwenda uwanja wa ndege kila mwezi, au mama anayehitaji mtu wa kuaminika wa kupeleka watoto shule, ni haki kumpa kadi yenye namba yako kwa safari zijazo, mradi una leseni na bima inayokuruhusu kubeba abiria kwa mkataba wa namna hiyo. Abiria wachache wa aina hii watakuvusha siku programu ikikata kamisheni bila kukuuliza.

Mimi na rafiki yangu tumetengeneza programu ya kuhesabu shehena ya maduka ya dawa. Maduka 11 ya Arusha na Moshi yanatulipa shilingi 30,000 kila moja kwa mwezi. Amejitokeza mwekezaji anayetaka kutupa shilingi milioni 50 kwa hisa asilimia 20. Tuchukue?
*Watengenezaji wawili, Arusha*

Hongereni, na hasa kwa hayo maduka 11, kwa sababu kuna watu wanaotafuta mamilioni bila kuwa na mteja hata mmoja anayelipa.

Anachowaambia mwekezaji ni kwamba kampuni, baada ya fedha zake kuingia, ina thamani ya shilingi milioni 250, na kabla yake ilikuwa milioni 200. Ninyi wawili mtabaki na asilimia 40 kila mmoja. Akija mwekezaji wa pili na kuchukua asilimia 20 nyingine kwa hisa mpya, kila mmoja wenu atashuka hadi 32, wa kwanza atashuka hadi 16. Mpaka hapo bado mna wingi wa hisa mkiwa pamoja, na neno "pamoja" hilo ndilo nitakalolirudia hivi punde.

Asilimia siyo sehemu yenye hatari katika mkataba. Tafuteni kifungu kinachoeleza kitakachotokea kampuni ikiuzwa. Mikataba mingi ya aina hii humpa mwekezaji haki ya kurudishiwa kwanza fedha yake yote, au kuchukua sehemu yake ya hisa, lolote lililo kubwa. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 60, asilimia 20 ni milioni 12, kwa hiyo atachagua milioni 50 zake, nanyi mtagawana 10 zilizobaki. Hilo si wizi, yeye ndiye aliyeweka fedha. Lakini kama mlidhani mna asilimia 80 ya kila kitu, siku hiyo mtajua hamkuwa nayo. Someni pia orodha ya mambo yanayohitaji idhini yake. Kuuza kampuni na kutoa hisa mpya ni kawaida kuwemo. Ikiwa hata kuajiri mhasibu lazima asaini, mmeajiriwa bila kuambiwa. Na akiwataka mhamishie kampuni mama Delaware, Marekani, kama wawekezaji wa nje wanavyopenda kwa sababu wanaijua sheria ya huko, ulizeni nani atalipa wakili na ushauri wa kodi wa kila mwaka.

Kabla ya kusaini na yeye, sainianeni ninyi wawili. Siku hizi hakuna ugomvi, ndiyo wakati wake. Utaratibu uliozoeleka ni waanzilishi kuzipata hisa zao kidogo kidogo kwa miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha haondoki na kitu. Mwenzako akipata kazi Dar es Salaam mwezi wa nane na kubaki na nusu ya kampuni, utaijenga miaka kumi ukimfanyia kazi mtu asiyekuwepo. Andikeni pia kwamba programu ni mali ya kampuni, si ya aliyeiandika usiku nyumbani kwake.

Sasa hesabu ambayo ningependa muifanye kwanza. Maduka 11 yanawapa 330,000 kwa mwezi, ambazo hazitoshi hata ninyi wawili kula. Lakini maduka 139 yakilipa mwaka mzima yanaleta shilingi 50,040,000, nanyi hamjatoa hisa hata moja. Je, kuyafikia maduka 139 kunahitaji milioni 50, au kunahitaji pikipiki moja na mtu mwenye subira ya kukaa na mfamasia saa mbili akimfundisha? Kama ni la pili, ombeni wenye maduka walipe miezi sita mbele kwa punguzo na mwendelee. Kama mnaona kuna mtu mwingine mwenye programu kama hii anayekimbilia maduka yale yale, na atakayewahi ndiye atakayebaki, basi fedha ina maana, na asilimia 20 si bei mbaya. Mimi kwa barua hii fupi ningesubiri miezi sita, ila ninyi ndio mnaoijua Arusha.

Mwanangu, pensheni yangu sehemu naiweka kwenye simu kwa sababu benki iko mbali. Mjukuu anasema kampuni ya simu ikifilisika fedha zetu zinakwenda nayo. Tena ananishawishi nipakue programu ya mikopo.
*Mzee mstaafu, Pangani*

Shikamoo, mzee wangu. Kwa swali la kwanza, mwambie mjukuu atulie. Fedha zinazosomeka kwenye simu yako hazichanganywi na fedha za kampuni ya simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka kiasi kama hicho kiwe kimewekwa benki katika akaunti ya amana, chini ya usimamizi wa Benki Kuu, ili wadai wa kampuni wasikiguse. Hatari iliyo karibu nawe zaidi ni mtu kuijua namba yako ya siri, na hapo namhesabu na wakala anayekuambia "nipe simu nikusaidie".

Programu ya mikopo usiipakue kabla hujaona jina lake katika orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Baadhi ya programu za namna hii huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu, na mkopaji akichelewa siku mbili huanza kuwatumia ujumbe watani, wakwe na imamu wa msikiti. Kwa mtu wa rika lako aibu hiyo haina riba inayoweza kuilipa. Ukihitaji mkopo mdogo, waulize kwanza wenzako wa kikoba.

Nina tovuti ya mapishi ya pwani tangu 2016. Matangazo yalikuwa yakinilipia umeme na gesi. Mwaka mmoja sasa wasomaji wamepungua sana, na nikiitafuta njia ya kupika pweza wa nazi Google, naona jibu limeshaandikwa pale juu na mashine, linafanana na langu kwa karibu. Tovuti zetu zimekufa?
*Mpishi, Mombasa*

Bi mpishi, kwa miaka mingi kulikuwa na makubaliano yasiyoandikwa kati ya wenye tovuti na injini za utafutaji: ninyi mnaziruhusu zisome kurasa zenu, nazo zinawaletea wasomaji. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, na Google ilipoanza Mei 2024 kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo yake, upande mmoja wa makubaliano hayo umedhoofika. Mashine inasoma kama zamani, ila msomaji akishapata jibu pale pale hana sababu ya kuja kwako. Mapishi yameumia mapema kwa sababu orodha ya viungo ni rahisi kufupishwa, na orodha ya viungo peke yake hailindwi na hakimiliki katika nchi nyingi, tofauti na maelezo na picha zako.

Unaweza kuzuia baadhi ya mashine hizo zisisome tovuti yako, kwa faili dogo ambalo fundi ataliweka kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba ukiizuia ile inayokuorodhesha katika utafutaji, utatoweka kabisa, na hakuna mashine inayolazimika kulitii faili hilo. Sikutegemei ushinde kwa njia hiyo.

Mashine inaweza kusema "chemsha pweza hadi alainike". Haijui kwamba pweza uliyemnunua Kongowea asubuhi hii, aliyepigwa vizuri na mvuvi, hapikwi kwa muda ule ule wa yule aliyelala kwenye barafu siku tatu, wala haijui unavyomtambua kwa kumshika. Andika hayo. Na hao wasomaji wachache wanaokuja bado, usiwaache wapite kama walivyokuja: waombe barua pepe zao au wajiunge na kundi lako la simu, uwatumie pishi moja kila Alhamisi jioni kabla hawajakwenda soko la Ijumaa. Wakifika 300, waulize ni wangapi wangelipia kitabu chenye mapishi 40 ya nyumbani kwenu, cha karatasi au cha simu, na uwatajie bei papo hapo, kwa sababu anayesema "ndiyo" bila kujua bei hajasema kitu.